Mama Ndoo Aliyeomba Kengele ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Anayekaanga apunguze moto, anayefua akaushe mikono. Leo tunamkumbuka dobi. Dobi wa shule. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: tunamkumbuka dobi wa shule ya msingi ya Kikatoliki, aliyefariki wiki tisa zilizopita akiwa na miaka hamsini na minane. Aliuawa na moshi. Na kuhusu moto huo alionya miaka kumi na mmoja kabla haujawaka.

Naomba radhi mapema. Mmezoea kipindi hiki kiwe cha sauti ya upole, mwenyeji wenu nikiongea kama mtu anayembembeleza mtoto. Leo upole huo nimeutafuta tangu asubuhi, sijauona. Mtanivumilia.

Tulimwita Mama Ndoo. Nasema "tulimwita" kwa sababu na mimi nilisoma pale. Alipokuja kuanza kazi nilikuwa darasa la tano. Kabla ya hapo alifua mashuka hotelini miaka minane. Akaja shuleni kufua mapazia, nguo za watoto wa bweni, na vitambaa vya altare. Vitambaa vya altare alivipiga pasi mwenyewe, mlango umefungwa, hataki mtu amsemeshe. Mkunjo mmoja tu ukibaki, anarudia upya. Alikuwa mtu wa sala, wasikilizaji. Hilo mliweke akilini, maana kuna watu wamekuwa wakipita mitaani wakisema alikuwa mbishi wa dini. Ubishi gani? Huyu mama rozari ilimkaa mfukoni mpaka mfuko ukatoboka, akaushona, ukatoboka tena.

Jina la Mama Ndoo lilikujaje? Kule hotelini walikuwa na utaratibu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, king'ora kinalia. Kikilia, wote nje. Mpishi nje, meneja nje, mgeni aliye na povu kichwani nje. Halafu wanahesabiwa. Siku moja king'ora kililia ikiwa si Jumatatu. Jiko lilikuwa limeshika moto. Dakika nne watu wote wako nje, wamehesabiwa, hakuna aliyeungua hata ukucha. Mama Ndoo aliisimulia hadithi hiyo kila alipopata sikio la kumsikiliza. Masikio hayakuwa mengi.

Basi alipofika shuleni, jambo la kwanza aliuliza, "Mchanga uko wapi?" Watu wakacheka. Mchanga wa nini, mama, unajenga? Akatafuta ndoo kumi na mbili kuukuu, akazipaka rangi nyekundu, akazijaza mchanga, akaziweka kwenye veranda za madarasa. Ndoo kumi na mbili. Sisi watoto tukazifanya jalala la maganda ya pipi. Siku moja alinikamata sikio nikitupa ganda humo. Akanivuta mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu. "Wewe domo," akaniambia, "siku ukiungua utanitafuta." Nilimcheka darasa zima likasikia. Ndiyo, mimi huyuhuyu mnayemsikia. Sijajitoa kwenye lawama za leo.

Kisha Askofu akatangaza kuja kubariki jengo jipya la ghorofa moja. Kamati ya wazazi ikaona ndoo nyekundu zitaharibu picha. Mchanga ukamwagwa, ndoo zikapakwa rangi nyeupe, zikapandwa maua. Mama Ndoo alisimama pale na aproni yake ya bluu, mikono kiunoni, akawaambia, "Sawa. Moto ukija tutaukaribisha na maua." Watu wakacheka tena. Alikuwa na maneno yule mama. Tatizo la mtu mwenye maneno, watu wanachukua utani wake, wanaacha hoja yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la habari yetu. Shule ile ina kengele moja kubwa, kwenye nguzo kando ya kanisa. Kengele moja. Inapigwa saa sita kamili mchana, kwa sala ya Malaika wa Bwana. Kengele ikilia, kila mtu anasimama pale pale alipo. Mwalimu anaacha chaki ubaoni. Mpishi anaacha mwiko sufuriani. Watoto wanafumba macho na kuinamisha vichwa. Hakuna kusogea. Sisi tulishindana nani atasimama kama mti bila kujikuna. Mpira uliokuwa hewani ulianguka wenyewe, hakuna aliyeufuata. Ni desturi nzuri. Naipenda hadi leo. Hata nikiwa humu studio, saa sita ikigonga, mguu unasita.

Lakini kwenye ukuta wa ofisi palikuwa na karatasi, imewekwa kwenye kioo. Imeandikwa: Ikitokea hatari, kengele kubwa itapigwa. Kengele kubwa ipi? Ile ile. Hakuna nyingine. Kengele ya kuwafundisha watoto kutulia ndiyo hiyo hiyo ya kuwaambia wakimbie. Na kukimbia kwenyewe hawajawahi kufundishwa hata siku moja.

Mtu mmoja tu aliliona hilo. Dobi.

Alikwenda kwa Sista Mkuu. Binti yake, ambaye ni msusi, alinisimulia jinsi mama yake alivyovaa gauni la Jumapili siku ya Jumatano ili akasikilizwe. Akasema, "Sista, tunahitaji kengele ya pili. Hata isiwe kengele. Filimbi. Debe. Kitu chenye sauti nyingine." Sista Mkuu akamjibu kwa upole, na mimi namwamini kwamba ilikuwa kwa upole: "Mama, shule hii iko mikononi mwa Bikira Maria." Mama Ndoo akasema, "Ndiyo, Sista. Na hii mikono yetu tumepewa ya nini?"

Akaambiwa aandike. Akaandika, kwenye karatasi ya daftari la mwanawe. Mwaka ukapita. Akaandika tena. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi akasema kwenye mkutano kwamba kengele mbili zitawachanganya watoto. Wasikilizaji, niliyaona maneno hayo kwenye muhtasari wa mkutano kwa macho yangu mawili. Zitawachanganya watoto! Akaandika mara ya tatu. Padre mlezi wa shule akasema jambo hilo ni jema, na wataliombea. Aisee. King'ora kinaombewa kama mvua, na duka la vifaa liko mtaa wa pili.

Mama Ndoo akachoka kuandika. Akaokota ringi ya gari, akaitundika nyuma ya chumba cha kufulia, akaweka na chuma cha kuipigia. Ikakaa siku tatu. Akaamriwa aitoe, kwamba shule inaonekana kama gereji. Mume wake ni fundi viatu, mzee mtaratibu, neno lake moja kwa saa. Aliniambia, "Alirudi nayo nyumbani kichwani. Hakula. Nikamuuliza, mke wangu, vita hivi vya nini, si kazi yako ni kufua? Akaniambia, mume wangu, wale watoto nawajua kwa namba za soksi zao."

Tufike siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Mchana kweupe, jua kali, upepo wa kutosha kukausha mashuka. Lile jengo la ghorofa lina ngazi mbili: ngazi ya mbele ya ndani, na ngazi ya nyuma ya nje. Chini ya ngazi ya mbele palikuwa na stoo. Humo waliweka mishumaa ya mwaka mzima, nguo za maigizo ya Noeli, vitabu vya nyimbo vilivyochakaa na makopo ya rangi. Na waya wa umeme uliochunika. Waya ukatoa cheche, cheche ikapata nguo, nguo ikapata mishumaa. Mnajua nta inavyoungua.

Mpishi mkuu ndiye aliyeona moshi kwanza. Akafanya kama karatasi ilivyosema. Alikimbilia kengele kubwa, akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Narudia: sita kasoro kumi.

Na shule nzima ikasimama kimya.

Juu ghorofani kulikuwa na darasa la nne, watoto arobaini na watatu. Mwalimu wao ni mwanamke mwema, sitaki mtu amnyooshee kidole barabarani. Nilikaa naye sebuleni kwake, akalia mpaka chai ikapoa. Aliniambia, "Nilidhani saa ya mpiga kengele imekwenda mbele. Nikawaambia watoto, simameni, fumbeni macho. Nilisikia harufu. Nikajua ni jikoni, wameunguza. Nikaendelea kusali."

Hebu tulieni kidogo hapo. Moto uko chini ya ngazi. Kengele ya hatari inalia. Na watoto arobaini na wawili wamesimama wima juu ya moto huo, mikono imekunjwa, wametulia, wana adabu, kama tulivyowafundisha. Nasema arobaini na wawili, si arobaini na watatu. Mtaniuliza huyo mmoja yuko wapi. Nakuja huko, na natamani nisingefika.

Mama Ndoo alikuwa nyuma, kwenye kamba za nguo. Alisikia kengele, akaangalia jua. Mpishi mwingine aliyekuwa anaosha vyombo jirani yake anasema alidondosha shuka zima kwenye vumbi, mtu ambaye hajawahi kuangusha hata leso, akasema, "Yesu wangu, wamesimama." Akakimbia. Miaka hamsini na minane, magoti mabovu, akapanda ngazi ya nyuma na ule mti wake wa kukorogea nguo. Akafika mlangoni akagonga dawati la kwanza kwa mti ule, pwaa! "Tokeni! Tokeni nje! Mungu atawasikia hata huko uwanjani!"

Walitoka. Wengine aliwasukuma, wengine aliwabeba. Mtoto mmoja alikataa kusogea kwa sababu sala haijaisha. Alimchapa tako, wasikilizaji, na mtoto huyo leo yuko hai, anacheza. Wote wakashuka ngazi ya nyuma. Na baada ya hapo madarasa mengine nayo yakafumbua macho, wakakimbilia kiwanja cha mpira, bila mpango, huyu huku, yule kule.

Mama Ndoo akafanya kile alichokijua kutoka hotelini. "Mwalimu, hesabu!" Mwalimu akahesabu. Arobaini na wawili. Akahesabu tena. Arobaini na wawili. Daftari la mahudhurio lilikuwa juu mezani, ndani ya moshi. Mwalimu akapiga kelele, "Mmoja hayupo! Mmoja yuko ndani!"

Mama Ndoo akalowesha aproni kwenye ndoo ya kufulia, akaifunga usoni, akarudi juu.

Mtoto hakuwa ndani. Mwalimu alikuwa amemtuma kanisani saa tano na nusu, kurudisha vitabu vya nyimbo, na katika fadhaa ile akasahau. Mtoto alikuwa kanisani kule, upande wa pili wa shule, amepiga magoti. Alisikia kengele, akasali. Kisha akasikia kelele, akaogopa, akabaki, kwa sababu sheria ni kwamba ukikutwa kanisani na kengele hutoki mpaka mkubwa akuambie. Mhudumu wa kanisa alimkuta baada ya robo saa. Ametulia. Hajakosea kitu. Mtoto yule hakukosea kitu chochote, na kama wazazi wake wananisikia, mwambieni hivyo kila siku mpaka aamini.

Zimamoto walimkuta Mama Ndoo sakafuni, chini ya dawati la mwisho. Alikuwa amepapasa dawati moja moja. Walijua kwa sababu kila dawati lilikuwa limesogezwa. Alifariki saa tisa alasiri, hospitalini, mkono wake ukiwa mikononi mwa binti yake. Moshi hauachi mtu aseme.

Fundi mitambo wangu ananipungia mkono nyuma ya kioo kwamba nipunguze ukali. Sipunguzi. Bado hamjasikia la baadaye.

La baadaye ni hili. Kabla kaburi halijakauka, mtaani wakaanza kunong'ona kwamba moto umetokana na pasi ya dobi. Pasi! Chumba chake cha kufulia hakikuungua hata kitasa, kiko nyuma kabisa, lakini maneno yalitembea wiki mbili. Watu walimkwepa mume wake sokoni. Mpaka mkaguzi wa zimamoto alipotoa taarifa: waya, stoo ya mishumaa. Hakuna aliyekwenda kumwomba yule mzee radhi. Nimemuuliza. Alitikisa kichwa, akaendelea kushona soli.

Ikafanyika misa ya shukrani. Nilikuwepo, benchi la nyuma. Padre alihubiri vizuri, akasema Mungu ametenda muujiza, watoto wote wamesalimika. Tukapiga makofi. Jamani, mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa pale pale, na naamini Mungu hutenda miujiza. Ila muujiza ule ulikuwa na magoti mabovu, na ulituandikia barua tatu. Barua hizo hazikutajwa. Mume wake akapewa cheti ndani ya fremu. Aliomba kusema machache, akaambiwa ratiba imejaa. Binti yake ndiye aliyenipa maneno ambayo mzee alitaka kuyasema. Yalikuwa mafupi: "Msimwite shujaa. Mke wangu hakuomba kuwa shujaa. Aliomba kengele ya pili."

Kwa familia, kwa mzee fundi viatu, kwa binti yake, kwa ndugu na majirani waliokesha nao, redio hii na mimi binafsi tunawapa pole. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema, na siku nitakapokutana naye nitampa sikio langu alivute tena. Nanyi wasikilizaji wapendwa, wenye watoto shuleni, shule ya dini yoyote au isiyo na dini, kesho asubuhi mkiwapeleka, ulizeni swali moja: moto ukiwaka, mtoto wangu atajuaje? Msiondoke getini mpaka mjibiwe. Msikubali kuambiwa tunaliombea. Ombeni, ndiyo. Halafu ulizeni.

Ningeishia hapo. Lakini Jumanne iliyopita nilikwenda shuleni pale.

Jengo limepakwa rangi. Kwenye nguzo ya kengele kubwa wamebandika kibao cha shaba, jina la Mama Ndoo, tarehe, na neno Shujaa. Nikamuuliza Sista Mkuu, kengele ya pili iko wapi? Akaniambia iko kwenye mipango. Saa sita ikafika. Kengele ikalia. Ile ile. Kila mtu akasimama, nami nikasimama, nikainamisha kichwa. Kisha nikasikia hatua ndogo za mtu anatembea. Nikafumbua macho.

Ni msichana wa darasa la sita. Alitoka darasani peke yake, akavuka veranda, akaenda kusimama katikati ya kiwanja cha mpira. Hapo ndipo akafumba macho, akasali. Mwalimu wa zamu alimwita baada ya sala: kwa nini unatembea kengele ikilia? Akajibu, "Bibi aliniambia kengele ikilia nitoke kwanza, sala nimalizie nje." Ni mjukuu wa Mama Ndoo. Nimeulizia: siku ya moto, katika shule nzima, mtoto aliyetoka bila kuambiwa na mtu alikuwa huyo mmoja.

Akapewa adhabu. Utovu wa adabu wakati wa sala. Alipiga magoti nusu saa juani, kwenye nguzo ya kengele, chini ya kibao chenye jina la bibi yake, na watu wazima wakipita na mafaili yao. Mmoja wao nilikuwa mimi. Nilikuwa mgeni, nikaona haya kuingilia. Ndiyo maana nimekosa upole leo.

Mjukuu wa Mama Ndoo, najua redio hii huwa inawaka dukani kwa babu yako. Kama unanisikia: kesho kengele ikilia, toka. Wakikupigisha magoti, piga. Keshokutwa ikilia, toka tena.